Chema chajiuza kwa mteja anayerudi: nyota za mtandaoni na meza nzuri ugenini

Tangu Oktoba 21, 2024, ni kosa nchini Marekani kununua, kuuza au kubuni maoni ya wateja, na kosa moja tu linaweza kutozwa faini ya zaidi ya dola 50,000. Uingereza ilifuata Aprili 6, 2025, kwa sheria inayoiruhusu mamlaka ya ushindani kuitoza kampuni hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya dunia nzima. Umoja wa Ulaya ulitangulia: tangu Mei 28, 2022, anayechapisha maoni ya wateja lazima aeleze kama anayahakiki na kwa njia gani. Wasafiri wengi wamezipokea hatua hizi kana kwamba tatizo la kula vizuri ugenini limepata dawa. Maoni feki yakishafagiliwa, wanasema, nyota zitakazobaki zitakuwa za kweli, na nyota za kweli zitatupeleka kwenye migahawa ya kweli. Hapo ndipo wanapokosea. Sheria hizi ni nzuri, tena zilichelewa, lakini zinatibu ugonjwa mdogo na kuuacha mkubwa. Nyota zinazowapoteza wasafiri wengi zaidi ni zile zilizotolewa kwa moyo safi na watu waliokula kweli, wakalipa kweli, wakaridhika kweli, kisha wakapanda ndege kesho yake. Anayetafuta chakula na mvinyo wa mahali alipo aache kuuliza ni wangapi wamekisifu. Aulize mambo mawili: mgahawa huu unaishi kwa mteja gani, na kilichomo kwenye sahani na glasi kimetoka wapi? Maswali hayo yana majibu, na mengi ya majibu hayo huonekana kabla hujavuta kiti.

Uongo wenyewe ulikuwa mkubwa, hilo halina ubishi. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, kusini mwa Italia, ilimhukumu kifungo cha miezi 9 mtu aliyekuwa akiwauzia wenye hoteli na migahawa sifa za kubuni. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwandishi Oobah Butler alikiandikisha kibanda cha bustanini kwake huko Dulwich, London, kama mgahawa. Alipiga picha za “vyakula” vilivyotengenezwa kwa povu la kunyolea na rangi, akawaomba marafiki wakimwagie sifa, na kufikia Novemba 2017 kibanda kisichowahi kuuza hata sahani moja kilikuwa cha kwanza kwa London nzima kwenye TripAdvisor, jukwaa la mtandaoni la maoni ya wasafiri. Kisa hiki hutajwa sana kuonyesha ubaya wa maoni feki, lakini kuna jambo jingine ndani yake lenye uzito zaidi. Watu walipiga simu kwa wingi kuomba nafasi kwa sababu ya namba peke yake. Hawakuuliza mpishi ni nani, anapika nini, ananunua wapi. Namba ilikuwa imeshajibu kila kitu, na tabia hiyo ya kuiachia namba ijibu haitabadilishwa na sheria yoyote.

Tazama jinsi nyota ya kweli inavyozaliwa. Msafiri amefika mji ambao hajawahi kuufika, ana njaa, ana miguu inayouma, ana siku mbili. Amekaa uwanjani mbele ya kanisa kuu, jua linatua, mhudumu anazungumza lugha yake, chakula kimekuja baada ya dakika 7, sahani imejaa. Anatoa nyota 5, na hasemi uongo: jioni yake ilikuwa njema. Lakini alichopima ni mandhari, lugha, kasi na ujazo wa sahani. Ladha aliipima kwa kuilinganisha na kile anachokula kwao, kwa kuwa hajawahi kuonja chakula kile kile kwa wapishi wengine wanne wa mji ule. Mkazi aliyekula mchuzi huo tangu utotoni angesema mara moja kwamba umetoka kwenye kopo, ila mkazi huyo hakuwapo, na hata angekuwapo si kawaida yake kuandika. Kisha kuna upande wa mwenye mgahawa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na methali hiyo ni ya kweli sokoni, pale mnunuzi wa leo anapokuwa mnunuzi wa kesho. Mfanyabiashara ambaye wateja wake hawarudi kamwe hapotezi kitu kwa kumpa mtu chakula cha wastani, kwa sababu hata akimpa bora zaidi, hatamwona tena. Kinachomlipa ni kiti kilicho njia kuu ya watalii, picha za vyakula mlangoni na mtu wa kuwaita wapita njia. Pesa aliyoiweka kwenye kodi ya uwanjani haiwezi tena kwenda kwa muuza samaki. Mwenye mgahawa huyo huenda ni mtu mwema. Mazingira ya biashara yake ndiyo yamemfundisha kuweka juhudi mahali pengine.

Wanaotetea nyota wana hoja, na baadhi yake ni nzito. Wanasema maoni ya watu 3,000 yakijumlishwa makosa ya mmoja hufutwa na ya mwingine. Hiyo ni kweli kwa makosa yaliyotawanyika kila upande. Makosa ya wageni hayajatawanyika, yote yameelemea upande mmoja: wote wamechoka, wote hawana cha kulinganisha, wote wanafurahia mandhari. Ukiyajumlisha hayafutiki, hugeuka kuwa uhakika. Hoja ya pili ina nguvu zaidi: maoni hukulinda dhidi ya uchafu, bili za udanganyifu na sumu ya chakula. Naikubali, na hapo ndipo ninapopendekeza yatumike. Soma yale ya nyota 1 na 2, soma yaliyoandikwa kwa lugha ya wenyeji, angalia picha za menyu ya mwezi huu na saa za kufungua. Ukikuta watu watatu tofauti wanalalamika kwamba bili ilikuwa na kitu wasichoagiza, kaa mbali. Ukikuta wanalalamika kwamba kulikuwa na vyakula vitano tu, kwamba jiko lilifungwa saa 8 na nusu mchana, kwamba hakukuwa na menyu ya Kiingereza na samaki alikuja na kichwa, umepata sababu nzuri ya kwenda. Hoja ya tatu ni kwamba tuwaamini wataalamu. Mwongozo wa Michelin, kitabu cha Kifaransa cha kukadiria migahawa kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1900 kwa ajili ya wenye magari na kuanza kutoa nyota mwaka 1926, hutuma wakaguzi wasiojitambulisha na wanaolipa bili yao. Kwa msafiri wa kawaida, orodha yao ya Bib Gourmand, iliyoanza mwaka 1997 kwa migahawa mizuri ya bei ya wastani, humfaa kuliko nyota zenyewe. Italia ina Osterie d'Italia, kitabu kinachotolewa na Slow Food, chama cha kutetea mapishi ya kienyeji, tangu mwaka 1990, ambacho hutegemea watu wanaoishi katika mikoa wanayoiandikia. Miongozo hii inafanya kazi kwa sababu inarudi, mwaka baada ya mwaka. Upungufu wake ni kwamba haiwezi kuwa kila mahali, na mgahawa ulioandikwa leo unaweza kubadilisha mpishi kesho.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa kuliko zote: nenda wanakokula wenyeji. Wenyeji hula mahali pengi kwa sababu nyingi. Siku za kazi mchana hula palipo karibu na ofisi na penye bei wanayoimudu. Ijumaa usiku vijana hula baga na sushi kama vijana wa miji mingine yote. Foleni ya wenyeji mbele ya duka la pitsa ya haraka haikuelezi chochote kuhusu mapishi ya mkoa huo. Kinyume chake nacho si kweli, kwamba palipojaa watalii pameharibika. San Sebastián, kaskazini mwa Hispania, hujaa wageni majira yote ya joto, na bado kaunta zake za pintxos, vitafunio vya mji huo, zinapika vizuri, kwa kuwa wakazi wa mji hawajaacha kuzizungukia jioni na wangeona mara moja kiwango kikishuka. Kwa hiyo usihesabu wenyeji. Tafuta dalili kwamba wapo wanaorudi: mhudumu anamletea mtu glasi kabla hajaagiza, kuna mtu anakula peke yake bila kutazama menyu, kuna meza yenye vizazi vitatu Jumapili mchana. Jumapili mchana ni kipimo kizuri sana nchini Italia, Hispania na Ureno, kwa sababu ndiyo saa ambayo familia hutumia pesa zake kwa hiari na bibi yupo mezani kuhukumu.

Saa za jiko husema mengi kuliko kibao cha mlangoni. Ufaransa jiko hupokea wateja wa mchana kati ya saa 6 na saa 8, Italia kati ya saa 6 na nusu na saa 8 na nusu, Hispania kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, na jioni ya Hispania mara chache huanza kabla ya saa 2 na nusu usiku. Jiko linalopika kila siku kwa bidhaa mbichi linahitaji saa za kati kwa kuchemsha supu, kusafisha samaki na kukanda unga. Mgahawa unaotoa menyu nzima mfululizo kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 5 usiku ama una wapishi wa zamu mbili, ama una friji kubwa na tanuri la kupashia. Menyu nayo ihesabu. Wapishi wawili wanaweza kutayarisha vyakula 10 hadi 15 kwa umakini. Wakiandika 60, vingi vinatoka kwenye mfuko. Tafuta maneno yanayomgharimu mwenye mgahawa. “Angalau watu wawili, subirini dakika 20” ni tangazo zuri kwa wali, kwa sababu risotto, wali wa Kiitaliano, huchukua dakika 17 hadi 20 tangu mchele uingie sufuriani, na paella, wali wa Kihispania, hupikwa kwa sufuria nzima, tena huko Valencia ni chakula cha mchana. Paella ya mtu mmoja inayofika usiku baada ya dakika 5, yenye bango la picha mlangoni, ilipikwa kiwandani. Msimu nao haudanganyi: Ujerumani mavuno ya asparagasi nyeupe hukoma Juni 24, hivyo ukiyakuta kwenye menyu ya Oktoba, uliza yamesafiri kutoka wapi.

Kuna nyota moja ndogo ambayo inastahili kutazamwa kuliko zile za simu. Kwenye menyu za Italia, alama ya nyota mbele ya jina la chakula, na maelezo yake kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, humaanisha kwamba bidhaa iligandishwa. Mahakama za huko zimekuwa zikiwaadhibu wanaoficha jambo hilo kwa kosa la kujaribu kumlaghai mteja, kwa hiyo wengi huandika. Ukiona nyota mbele ya pweza na kamba katika mji wa bandari, agiza kitu kingine au ondoka. Ufaransa ilianzisha mwaka 2014 alama ya chakula kilichotengenezwa jikoni mwenyewe, sufuria yenye paa la nyumba juu yake. Isome kwa tahadhari: inakubali bidhaa ghafi iliyogandishwa, mradi haijatayarishwa na mtu mwingine, na inaruhusu hata unga wa matabaka wa kununua, uliokandwa tayari. Inathibitisha kwamba mtu alipika hapo. Haithibitishi kwamba alikwenda sokoni asubuhi. Bei ya samaki ndiyo inayowaumiza wageni wengi: Italia mara nyingi huandikwa kwa kila gramu 100, na samaki wa watu wawili hufika kwa urahisi gramu 900, kwa hiyo bei iliyoonekana ndogo huzidishwa kwa 9. Omba samaki apimwe mbele yako na uelezwe jumla kabla hajaingia jikoni. Ureno mkate, zeituni na jibini vinavyowekwa mezani bila kuombwa havilipwi usipoviagiza wala kuvigusa. Sheria ya mwaka 2015 inasema hivyo wazi.

Sasa tuje kwa jambo ambalo wapenda nyota hulipita bila kuliona, nalo ndilo tajiri kuliko yote. Ulaya ina aina za sehemu za kula na kunywa ambazo uhalisi wake umeandikwa kwenye sheria. Mwaka 1784 Mfalme Joseph II wa Austria aliwaruhusu wakulima kuuza nyumbani kwao mvinyo na chakula walichozalisha wenyewe. Kutokana na ruhusa hiyo vikazaliwa vilabu vya mvinyo vinavyoizunguka Vienna hadi leo, ambavyo hutundika tawi la msonobari mlangoni siku ambazo viko wazi. Hapa kuna kosa ambalo wageni hulifanya kila siku: neno Heuriger, ambalo vilabu hivyo huitwa, limetumiwa pia na migahawa mikubwa yenye leseni kamili, mabasi ya watalii na mvinyo wa kununua. Neno lenye ulinzi wa sheria ni Buschenschank. Hilo ukiliona, mvinyo ni wa mwenye nyumba, na chakula mara nyingi ni cha baridi: nyama iliyokaushwa, mkate, jibini la kupaka. Agiza Wiener Gemischter Satz, mvinyo mweupe wa aina zisizopungua tatu za zabibu zilizopandwa shamba moja na kuvunwa pamoja, ambapo aina moja hairuhusiwi kuzidi nusu. Ujerumani wana Straußwirtschaft: mkulima wa zabibu anaweza kufungua bila leseni kwa miezi isiyozidi 4 kwa mwaka, viti visizidi 40, vyakula viwe rahisi, mvinyo uwe wake.

Ruhusa ile ile ya mwaka 1784 iliacha mbegu upande wa pili wa milima, kwenye nyanda za mawe za Karst kati ya mji wa Trieste, Italia, na Slovenia. Huko mahali hapo huitwa osmiza, kutokana na neno la Kislovenia la nane, kwa kuwa mkulima aliruhusiwa kuuza kwa siku 8. Leo siku zimeongezwa, lakini utaratibu ni ule ule: tawi la majani na mshale mwekundu kwenye njia panda, unaufuata hadi uani kwa mtu, unapata paja la nguruwe la nyumbani, mayai ya kuchemsha, na jagi la Terrano mwekundu mwenye uchachu mkali au Vitovska mweupe. Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania, wana furancho, penye tawi la mloreli mlangoni, ambapo familia huuza mvinyo uliowazidi, kwa miezi isiyozidi 3 na vitafunio vichache tu. Tenerife, kisiwa cha Hispania, wana guachinche, na kanuni ya mwaka 2013 ni kali: mvinyo wa mwenye shamba pekee, vyakula visivyozidi 3, miezi isiyozidi 4, na pipa likiisha lazima afunge. Tazama jinsi masharti hayo yanavyojibu maswali yetu mawili. Mvinyo umetoka nyuma ya nyumba. Wateja ni majirani kabla ya kuwa wageni, kwa sababu mtu anayefungua wiki chache kwa mwaka hawezi kuishi kwa wapita njia. Nyingi ya sehemu hizi zina nyota chache au hazina kabisa, kwa kuwa mfumo wa kukokotoa nyota hupenda kilicho wazi kila siku. Matatizo yake ni ya kivitendo: zinabadilisha tarehe, zinataka pesa taslimu, usafiri wa umma haufiki zote, na anayeendesha gari hawezi kunywa. Piga simu siku ile ile, panga dereva asiyekunywa, fika mapema kabla mkate haujaisha.

Kwenye mgahawa wa kawaida, mvinyo una dalili zake. Swali la kumuuliza mhudumu ni zabibu gani zinalimwa karibu na hapa. Ukiwa chini ya mlima Etna jibu ni Nerello Mascalese, Santorini ni Assyrtiko, Naoussa ya Ugiriki ni Xinomavro, Bairrada ya Ureno ni Baga, Jura ya Ufaransa ni Savagnin. Orodha ya mvinyo isiyo na zabibu ya mkoa wake, ila imejaa majina maarufu ya mikoa mitano ya mbali, iliandikwa na muuzaji wa jumla. Lebo isome upande wa nyuma, kwenye herufi ndogo. Mis en bouteille au domaine ya Kifaransa, Gutsabfüllung ya Kijerumani: maneno haya, yanayomaanisha kwamba chupa ilijazwa shambani, yanafunga mvinyo kwa aliyelima zabibu. Erzeugerabfüllung ya Kijerumani na imbottigliato all'origine ya Kiitaliano ni pana kidogo, zinachukua pia vyama vya ushirika, na ushirika si jambo baya; baadhi ya mivinyo mizuri ya milimani hutoka huko. Kinachopaswa kukushtua ni lebo yenye picha ya kasri ambayo chini yake haina jina la mkulima, ila namba na jina la kampuni ya kujaza chupa iliyo mkoa mwingine. Mivinyo iliyotengenezwa baada ya Desemba 8, 2023 katika Umoja wa Ulaya lazima ieleze viambato vyake, mara nyingi kwa msimbo wa kuskani kwenye chupa. Skani hiyo sekunde 20 zinatosha.

Mvinyo wa jagi unahukumiwa vibaya pande zote mbili. Wengine huudharau, wengine huuamini kama ishara ya unyenyekevu wa kijijini. Ukweli ni kwamba unaweza kuwa bora au mbaya kuliko vyote mezani, na swali moja hutenganisha: umetoka kwa nani? Mhudumu akitaja jina la mkulima au ushirika na kijiji chake, agiza robo lita uonje, kisha uongeze. Akijibu “ni mwekundu tu”, chukua chupa au maji. Kwa mvinyo wa glasi uliza chupa ilifunguliwa lini. Mweupe uliokaa friji hudumu siku 2 au 3, baada ya hapo harufu ya tunda hufifia na kuja ile ya tufaha lililokatwa jana. Joto huharibu mivinyo mingi kuliko kizibo kibovu. Majira ya kiangazi chupa ya mwekundu inayokaa rafuni huletwa ikiwa na nyuzijoto 26, pombe inapanda puani, ukakasi unakuwa mchungu, na mgeni anahitimisha kwamba mvinyo wa hapa ni mkali. Omba ndoo yenye barafu na maji, si barafu pekee, uiache humo dakika 10 hadi 15 ishuke karibu na nyuzi 16. Na unapopewa tone la kuonja kabla ya kumiminiwa, hupimi kama unaupenda. Unanusa kama una harufu ya kadibodi iliyolowa, yaani kizibo kimeuharibu. Ukiikuta, sema bila aibu, chupa hubadilishwa.

Kuna wanaopinga kutoka upande wa pili kabisa: uhalisi wenyewe, wanasema, ni hadithi tuliyotunga. Nyanya ilitoka Amerika, kwa hiyo hakuna mchuzi wa kale wa nyanya Italia. Kanuni za Chianti, mvinyo maarufu wa Italia, za mwaka 1967 zililazimisha zabibu nyeupe ndani ya mvinyo mwekundu, na tangu mavuno ya mwaka 2006 Chianti Classico, ya eneo lake la asili, imezipiga marufuku. Ipi basi ndiyo halisi? Sassicaia, miongoni mwa mivinyo inayotafutwa sana Italia, ilibeba jina la mvinyo wa mezani tu hadi mwaka 1994, kwa sababu zabibu zake zilikuwa za asili ya Ufaransa na hazikutoshea kanuni za mkoa. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa inaua uhalisi unaomaanisha kutobadilika, na uhalisi huo ulistahili kufa. Lakini haiugusi ule tunaouzungumzia hapa. Nikiuliza mvinyo huu ni wa hapa, sitaki kujua kama babu wa babu aliunywa. Nataka kujua kama zabibu zilikua kwenye udongo huu, nani alizilima, na kama watu wa hapa bado wanaununua. Hayo ni mambo ya kuhakikishwa, na yana matokeo. Schioppettino, zabibu nyekundu ya Friuli, kaskazini mashariki mwa Italia, ilikaribia kutoweka hadi familia moja ya mahali paitwapo Cialla ilipoipanda upya miaka ya 1970. Timorasso, zabibu nyeupe ya vilima vya Tortona, kaskazini mwa Italia, ilikuwa imebaki mistari michache shambani mpaka mkulima Walter Massa alipoanza kuirudisha miaka ya 1980. Aina hizo zilidumu kwa sababu palikuwa na watu waliouliza zabibu za hapa ni zipi na wakalipia jibu.

Iwapo hoja hii ni sahihi, kusafisha maoni feki ni hatua ya kwanza tu, na majukwaa yanaweza kufanya ya pili kesho yakitaka. Ramani za simu zinajua, kwa wale walioruhusu, mtu anakaa mji gani na ameingia mgahawa huo mara ngapi. Wastani wa waliofika mara tatu au zaidi, ukiwekwa kando ya wastani wa waliofika mara moja, ungemsaidia msafiri kuliko nyota zote za sasa, na hautaji jina la mtu yeyote. Mpaka hapo, kazi hiyo tuifanye kwa mkono: panga maoni kwa lugha ya wenyeji, tafuta yaliyoandikwa miezi ambayo watalii hawapo, Novemba au Februari, na soma yanayoanza kwa maneno kama “tumerudi”. Wapo wanaohofia kwamba kuzitangaza sehemu ndogo ni kuziua. Kwa mgahawa wenye viti 20 mjini hofu hiyo ni ya haki, na kuomba nafasi siku moja kabla, kufika kwa wakati na kughairi mapema kunapunguza madhara. Kwa osmiza na guachinche kinga imo ndani ya sheria yenyewe, kwa kuwa umaarufu hauongezi lita hata moja kwenye pipa. Ukifika ukakuta tawi limeshushwa, mvinyo umekwisha. Muulize mwenye nyumba ni jirani yupi ametundika lake wiki hii.